Pweza, Miso na Tui la Nazi: Namna ya Kuisoma Sahani ya Mapishi Mseto

Menyu za migahawa mipya ya Masaki jijini Dar es Salaam, Westlands ya Nairobi na Nyali ya Mombasa siku hizi zina mistari ya namna hii: pweza wa kuchoma juu ya tui la nazi lenye miso, kachumbari ya embe bichi, ufuta mweusi. Mteja mmoja huangalia bei kwanza. Mwingine huuliza miso ni kitu gani, aambiwe ni rojo zito la Kijapani la soya iliyochachushwa. Kuna na swali la tatu, ambalo wengi hulimeza wasije wakaonekana washamba: kwa nini pweza wa watu akutanishwe na kitu cha Japani ndipo aitwe mlo wa kisasa?

Swali ni la haki, na jibu lake lina matawi. Mapishi haya, ambayo wenye migahawa huyatangaza kwa jina la fusion na hapa nitayaita mapishi mseto, yamebeba mambo matatu yaliyosukwa pamoja: historia ya watu kuhama, ufundi wa kupatanisha ladha, na biashara ya kumuuzia mkazi wa mjini kitu ambacho hajawahi kukionja. Ukiyatenga, menyu inasomeka. Usipoyatenga utaishia ama kushangilia kila kinacholetwa kwa kuwa kimepangwa vizuri kwenye sahani nyeusi, ama kununia kila kinacholetwa kwa kuwa shangazi yako hapiki hivyo.

Pwani ilichanganya zamani

Mtu anayesema hapendi "michanganyiko", anapenda chakula chetu cha asili, mara nyingi huyasema hayo akiwa na sambusa mkononi. Sambusa ukoo wake ni Uajemi, ikapitia India. Pilau vilevile ina ndugu huko. Chapati, biriani na kachumbari tumezipokea kutoka Bara Hindi. Mchele wa Asia, nazi na ndizi vilivuka bahari kabla ya yeyote kuandika menyu. Mahindi, muhogo, nyanya, pilipili, nanasi, papai na korosho ni mimea ya Amerika, na ilitufikia baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi mwishoni mwa karne ya 15. Hata karafuu, ambayo leo huwezi kuitenga na Pemba, kwao ni visiwa vya Maluku vya Indonesia. Mashamba makubwa ya Unguja na Pemba ni kazi ya karne ya 19, enzi za Seyyid Said. Ondoa vyote hivyo mezani uone kinachobaki: samaki, mtama, uwele, kunde, bamia, ukwaju. Ni chakula kizuri, ila sikukuu ya Idi ingekuwa kimya sana.

Angalia bakuli la urojo wa Unguja. Mchuzi wake mzito umetengenezwa kwa unga wa ngano, umetiwa bizari ya manjano na kuchachushwa kwa embe bichi, ukwaju au ndimu. Humo ndani zinaingia bajia, kachori, viazi, mishkaki, pengine yai la kuchemsha, halafu juu chatini ya nazi, pilipili na chipsi nyembamba za muhogo zinazopasuka mdomoni. Bara Hindi, Amerika na Afrika Mashariki vimekaa bakuli moja na hakuna anayeulizana kabila. Ukivuka hadi Forodhani jioni utakuta ile wanayoiita Zanzibar pizza: unga umetandazwa mwembamba kama karatasi, ukajazwa nyama ya kusaga, kitunguu, yai na jibini, ukakunjwa na kukaangwa juu ya chuma. Italia imetoa jina tu. Uganda nako, chapati iliyokunjwa na mayai, yaani rolex, imekuwa kifungua kinywa cha nusu ya Kampala. Chapati hiyo ilisafiri na watu. Reli ya kutoka Mombasa, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilileta zaidi ya vibarua 30,000 kutoka India. Wengi walirudi kwao, maelfu kadhaa wakabaki, na nyuma yao wakaja wafanyabiashara walioingia na maduka yao hadi vijiji vya bara.

Basi kama sisi wenyewe ni mseto, mgahawa wa Masaki una jipya gani? Jipya lake ni kasi, na ni jina la mtu. Urojo hauna mwenyewe. Uliundwa na akina mama na wachuuzi wengi, kizazi baada ya kizazi, na kila jaribio baya lilitupwa kwa sababu iliyo wazi: watoto walikataa kula, au wateja hawakurudi. Muda ulikuwa chekecheke. Sahani ya mgahawa wa kisasa imebuniwa na mpishi mmoja, pengine kwa wiki chache, ikapewa picha nzuri na kupandishwa kwenye menyu. Haijachekechwa na mtu. Anayeichekecha ni wewe uliyeketi hapo, na unalipia kazi hiyo.

Somo la Lima

Ukitaka kuona mseto wa majumbani ukigeuka mseto wa migahawa, nenda Lima, mji mkuu wa Peru. Kuanzia 1849 vibarua wa Kichina waliletwa huko kwa mikataba, wakafanya kazi kwenye mashamba ya miwa na visiwa vya kuchimba mbolea ya ndege. Mwaka 1899 meli iitwayo Sakura Maru ikateremsha Wajapani 790, nao wakapelekwa mashambani. Hali ilikuwa ngumu. Waliomaliza mikataba, na waliotoroka, wengi walihamia mjini wakafungua maduka na vibanda vya chakula. Walipika walivyozoea kwa vitu walivyovikuta.

Kwa Wachina kulizaliwa migahawa inayoitwa chifa, na sahani maarufu ya lomo saltado: vipande vya nyama ya ng'ombe vinarushwarushwa kwenye karai la moto mkali pamoja na kitunguu, nyanya, pilipili na mchuzi wa soya, kisha chipsi zinamwagwa humohumo, na wali unawekwa pembeni. Mkazi wa Dar es Salaam akiletewa hiyo atadhani ni mwenye kibanda cha chipsi aliyeamua kujaribu mambo, na hatakuwa amekosea sana.

Kwa Wajapani habari ilikuwa ya samaki. Watu wa Peru walikuwa na ceviche yao, samaki mbichi aliyelowekwa kwenye maji ya ndimu, na zamani alilowekwa kwa saa nyingi. Mjapani alikuja na kisu chake na imani yake kwamba samaki mzuri haguswi sana. Muda wa kuloweka ukafupishwa hadi dakika, na ikatokea tiradito: samaki anakatwa vipande vyembamba kama wanavyokatwa Japani, kisha mchuzi mchachu wa ndimu na pilipili unamiminwa wakati sahani inaondoka jikoni. Mapishi hayo yanaitwa Nikkei, jina wanaloitwa wazawa wa Japani walio ughaibuni. Hayakutangazwa na mtu. Yalikuwa chakula cha familia na cha vibanda kwa miongo mingi kabla ya kupewa vitambaa vyeupe vya meza. Mwaka 2025, Maido, mgahawa uliofunguliwa Lima mwaka 2009 na Mitsuharu Tsumura, mzaliwa wa mji huo mwenye asili ya Japani, ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya World's 50 Best Restaurants.

Katikati ya hadithi hiyo yumo kijana wa Saitama, Japani, Nobu Matsuhisa, aliyekwenda Lima mwanzoni mwa miaka ya 1970 kupika sushi, yale matonge ya wali na samaki mbichi. Vitu vingi vya Kijapani havikupatikana, akatumia ndimu, giligilani na pilipili za sokoni. Baadaye alihangaika: alipita Argentina, akafungua mgahawa Alaska ukaungua muda mfupi tu baada ya kufunguliwa, mwisho akaingia Los Angeles akiwa na madeni. Mwaka 1987 alifungua Matsuhisa huko Beverly Hills, na mwaka 1994, kwa ubia na mwigizaji Robert De Niro, akafungua Nobu New York. Samaki wake wa kulowekwa kwenye miso na vipande vyake vya samaki mbichi vyenye pilipili ya kijani vimeigwa kila mahali penye hoteli ya nyota tano. Nairobi, pale Westlands, upo mgahawa uitwao INTI unaojitambulisha waziwazi kuwa wa Nikkei. Kwa hiyo miso iliyofika mwambao wetu haikuruka moja kwa moja kutoka Tokyo. Imepitia Lima na California, na njiani imejifunza ndimu na pilipili, ndiyo maana haituonei aibu.

California pia ndiko mseto ulikovaa suti. Wolfgang Puck, Mwaustria aliyefundwa kwenye majiko ya Ufaransa, alifungua Chinois on Main huko Santa Monica mwaka 1983 akapika Kichina kwa mikono ya Kifaransa. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980, mpishi wa Florida, Norman Van Aken, alianza kulitumia neno fusion akiliazima kutoka kwenye muziki wa jazi. Tangu hapo ikawa bidhaa, na muongo uliofuata kila hoteli ikapachika tangawizi kwenye kitu kisichoihitaji. Heshima ilirudi kutoka mitaani: mwaka 2008 Roy Choi na wenzake waliingiza barabarani lori la Kogi huko Los Angeles, likiuza nyama ya Kikorea ndani ya chapati ya mahindi ya Kimeksiko na kutangaza kituo chake cha usiku huo kwa Twitter. Mseto ule ulieleweka kwa sababu ulikuwa mtaani tayari. Wakorea na Wameksiko wa mji ule walikuwa wakipika jiko moja, kwenye migahawa ya watu wengine.

Kila kitu na kazi yake

Sasa turudi kwenye sahani, maana historia peke yake haishibishi. Mpishi anayeujua mseto haanzi kwa kuchagua nchi. Anaanza na mapishi ambayo tayari yanasimama, halafu anajiuliza kila kitu mle ndani kinafanya kazi gani: nani analeta chumvi, nani uchachu, nani mafuta, nani ukali, nani harufu, nani cha kutafuna. Kisha anamwondoa mfanyakazi mmoja, au wawili, na kumweka mgeni mwenye ujuzi uleule. Sahani inabaki na njia yake ya kupikwa, ila inasema jambo jipya.

Kazi moja ilikosa jina kwa muda mrefu. Mwaka 1908 profesa wa Tokyo, Kikunae Ikeda, alichemsha mwani uitwao kombu, akatenga kutoka kwenye supu yake kitu kinacholeta ule utamu wa mchuzi wa nyama, utamu usio wa sukari. Kitu hicho ni glutameti, na ladha yake akaiita umami. Kimo pia kwenye nyanya zilizoiva, uyoga mkavu, jibini lililokomaa, na kwenye vyakula vilivyochachushwa kama miso, ambayo ni maharage ya soya yaliyosagwa na chumvi na ukungu uitwao koji, yakaachwa miezi kadhaa hata miaka. Samaki mkavu ana kemikali nyingine, inosineti, na hizi mbili zikikutana kwenye sufuria moja ladha inapanda kuliko ukizijumlisha. Ndiyo siri ya supu ya msingi ya Wajapani, inayochemshwa kwa kombu pamoja na samaki mkavu. Majumbani wengi wao hutumia visamaki vidogo vilivyokaushwa, vinavyoitwa niboshi. Mwenye kuvitazama anaona dagaa. Mama wa Kigoma anayekaanga nyanya hadi zikaiva vizuri, akatia dagaa wake, anafanya hesabu ileile bila kumwomba Ikeda ruhusa.

Ukijua hilo, pweza wa tui na miso anaeleweka. Tui lina mafuta na utamu wa mbali, lakini peke yake limepooza. Miso inalitia chumvi na umami, kazi ambayo nyumbani ingefanywa na chumvi, nyanya na kitunguu cha kukaanga. Moto wa mkaa unaleta moshi. Embe bichi linakata mafuta, kwa sababu mafuta yakiufunika ulimi, uchachu ndio unaouamsha. Kama kuna pilipili, tui litaipoza, maana kiini cha ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta, hakiyeyuki kwenye maji. Ndiyo sababu kunywa maji baada ya pilipili mbuzi ni kujisumbua. Ufuta mweusi? Huo ni wa picha. Unatafunika kidogo, lakini tusidanganyane.

Uchachu hasa ndio unaotenganisha mpishi na mbabaishaji. Ndimu ni kali na hupotea haraka mdomoni. Ukwaju ni mzito, una utamu wake na unang'ang'ania. Embe bichi lina harufu ya kijani. Siki inapenya puani. Mpishi anayebadilisha kimoja kwa kingine kwa kuwa vyote "ni vichachu" atakuletea kitu kinachokwaruza. Anayejua atakuwekea ukwaju palipokuwa na siki nyeusi ya Kichina, kwa sababu vyote viwili ni vizito na vina giza la utamu, na hutahisi pengo.

Nikiri upendeleo wangu: mseto ninaouamini ni ule unaotumia ya karibu kufanya kazi ya mbali. Menyu iliyojaa majina magumu mara nyingi ni orodha ya chupa zilizoagizwa. Wasabi nyingi inayouzwa nje ya Japani si wasabi. Ni mzizi mwingine mkali, haradali na rangi ya kijani. Mafuta ya truffle, uyoga ghali wa chini ya ardhi, yale yanayonukisha chipsi na kuzipandisha bei, kwa sehemu kubwa ni mafuta ya kawaida yaliyotiwa harufu ya maabara. Kaa mbichi wa mikoko akimwagiwa hayo amedhulumiwa.

Mfano mwingine unaozidi kuonekana ni ugali. Unga wa mahindi ukipikwa, ukipoa na kukaa kwenye jokofu, wanga wake unajikaza. Unaweza kuukata vijiti na kuukaanga vikawa vikavu nje, laini ndani. Waitaliano hufanya hivyo kwa polenta yao, ambayo nayo ni mahindi yaleyale ya Amerika, kwa hiyo hakuna la kushangaza. Tatizo liko kwenye kazi. Ugali kwetu ni chombo cha kuchovea. Umeumbwa uwe mpole ili mchuzi useme. Ukiukaanga vijiti na kuuweka juu ya majani mabichi bila mchuzi wowote, umemfukuza kazi na kumwacha na sare. Mgahawa unaoleta vijiti hivyo na bakuli la mchuzi mzito wa samaki umefikiria. Ule unaoleta na mayonezi tu haujafikiria.

Sahani nyingi mbovu za aina hii zina ugonjwa mmoja: wafanyakazi wawili au watatu wa kazi moja. Soya, miso na unga wa dagaa kwenye mchuzi mmoja ni chumvi juu ya chumvi. Nyingine zinahesabu nchi, kana kwamba kila kiungo kinagonga muhuri kwenye pasipoti. Ukisoma sahani yenye kimchi ya Korea, ukwaju, pesto ya Italia na bizari kwa pamoja, agiza samaki wa kuchoma.

Chakula cha nani

Malalamiko yanayosikika zaidi si ya ladha. Ni ya umiliki. Muhogo wa kukaanga wa pembeni mwa barabara, wenye chumvi na pilipili na ndimu, ukiingia mgahawani na kupangwa kama kuni, bei inaruka mara nyingi, na aliyeubuni hayupo kwenye hesabu.

Tazama Ikoyi ya London. Ilifunguliwa mwaka 2017 na marafiki wawili, Jeremy Chan, mpishi, na Iré Hassan-Odukale kutoka Nigeria, ikachukua jina la mtaa wa Lagos. Sahani yake iliyovuma mapema ilikuwa ndizi mzuzu za kukaanga zilizonyunyiziwa chumvi ya matunda ya raspberry, na pembeni mchuzi wa pilipili ya scotch bonnet, jamaa wa karibu wa pilipili mbuzi. Nyota ya kwanza ya Michelin, kitabu cha Wafaransa cha kupima migahawa, ilikuja 2018, ya pili 2022. Wenyewe hawakudai kuuza chakula cha asili cha Nigeria. Walichukua viungo vya Afrika Magharibi wakavifanyia mambo yao. Waliokwenda wakitarajia wali wa jollof wa nyumbani waliondoka na kinyongo, na siwezi kuwalaumu, lakini kinyongo chao kilihusu jina la mlangoni kuliko kilichokuwa mezani.

Kwangu mimi suala linaishia kwenye jina. Hakuna mwenye hati ya pilau, na atakayedai kuwa nayo atajibizana kwanza na Wairani. Ila menyu ikiandika pilau, iletwe kitu chenye bizari nzima, mdalasini, iliki, pilipili manga na kitunguu kilichokaangwa hadi kikageuka rangi. Ikiletwa wali wa njano, mteja ana haki ya kuurudisha. Na mgahawa ukichukua urojo ukauita "supu ya embe ya pwani ya Afrika", umefuta Unguja kwenye sahani ya Unguja. Kuandika jina la kweli hakugharimu hata senti.

Ukishaketi

Migahawa hii mingi hupika sahani ndogo za kushirikiana, na zinaletwa kila moja inapokuwa tayari, si kwa mpangilio wa kianzio na mlo mkuu. Kwa mtu aliyelelewa kwenye sinia hilo si geni. Kilicho kigeni ni hesabu: sahani ina vipande vitatu na nyie mko wanne. Muulize mhudumu idadi ya vipande kabla ya kuagiza, bila haya. Ndilo swali linalookoa urafiki. Sahani mbili au tatu kwa kila mtu kwa kawaida zinatosha, na agizeni kwa awamu. Vijiti usivijali, sushi hata Japani hushikwa kwa vidole.

Kama ni mlo ambao mpishi ndiye anayechagua kila kitu, taja mzio wako siku ya kuweka nafasi, si wakati sahani ya kwanza imefika. Michuzi imeshapikwa asubuhi. Karanga, ufuta, kamba na kaa hujificha kwenye mafuta na kwenye supu, na mchuzi wa soya wa kawaida una ngano ndani yake.

Samaki mbichi anahitaji maneno machache ya ziada, kwa sababu watu hudanganywa na rangi. Ndimu inamfanya samaki aonekane ameiva kwa kuwa asidi inabadilisha protini yake kama moto unavyofanya, lakini haiui kwa uhakika bakteria wala minyoo. Kinachoua minyoo ni baridi: mwongozo wa Marekani unataka nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri kwa siku 7, na kwa bakteria hata hilo halitoshi, usafi na barafu tangu samaki avuliwe ndio kinga. Uliza samaki amegandishwa wapi na kwa muda gani. Jiko linalojua kazi yake litajibu bila kununa. Mjamzito na mgonjwa waachane naye.

Kwa Waislamu, na hapa ndipo wengi wanapokamatwa, nyama ya halali haifanyi sahani nzima iwe halali. Mapishi ya Kijapani hutumia mirin na sake, ambavyo ni vileo vya mchele, ya Kifaransa divai, na vitindamlo huweza kuwa na jelatini ya nguruwe. Utaambiwa kileo kimeshavukia. Si kweli kabisa: kwa vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani, mchuzi uliochemshwa dakika 15 hubaki na karibu asilimia 40 ya kileo chake, na hata baada ya saa mbili na nusu hubaki asilimia 5. Mchuzi wa soya uliochachushwa kiasili nao una kiasi kidogo kinachojitengeneza chenyewe, na hilo ni la kumuuliza sheikh wako, si mhudumu. La mhudumu ni hili: je, kuna pombe iliyomiminwa humu? Ajibu ndiyo au hapana. Akijibu "kidogo tu", umeshapata jibu.

Halafu inakuja bili. Katika biashara ya migahawa, gharama ya vitu vilivyomo kwenye sahani huwa karibu theluthi ya bei yake. Kinachobaki kinalipa mishahara, pango la mtaa wenye majina, umeme na jenereta, vyombo vinavyovunjika, na zile chupa zilizoagizwa. Hiyo ndiyo sababu muhogo unapanda bei hata pale ambapo hakuna anayekudhulumu. Kinachowashtua watu zaidi ni maandishi madogo chini ya menyu. Kenya kuna VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2, na migahawa mingi huongeza asilimia 10 ya huduma. Kama menyu haijajumlisha hayo, sahani ya shilingi 2,000 inalipwa 2,560. Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 18. Tafuta kama imeandikwa kwamba bei zimejumuisha kodi. Alama mbili za kujumlisha mbele ya bei maana yake hazijajumuisha.

Hiyo asilimia 10 ya huduma, usidhani lazima inamfikia aliyekuhudumia. Kwingine inagawanywa kwa wafanyakazi wote, kwingine inaingia kwenye mfuko wa mwenye mgahawa. Muulize mhudumu kwa sauti ya chini, mwenye zamu akiwa mbali. Akicheka bila kujibu, bakshishi yake mpe mkononi.